Mama Mkristo kati ya Altare, Nyumba na Kazi: Mafundisho ya Kanisa na Namna ya Kuyaishi



Kabla ya kengele ya Misa ya kwanza kulia, akina mama wengi wa parokia zetu huwa wamekwisha kufanya kazi ya nusu siku. Mama lishe amewasha jiko tangu saa kumi alfajiri ili chai na maandazi viwe tayari wateja wafikapo. Muuguzi wa zamu ya usiku anahesabu saa zilizosalia kabla ya kurudi nyumbani kuwaandaa watoto kwenda shule. Mwalimu amelala usiku wa manane akisahihisha madaftari. Mkulima ameshika njia ya shambani, mtoto mgongoni na jembe begani. Wote hawa ni wabatizwa. Wengi wamefunga ndoa takatifu, wana zamu ya usafi kanisani, wana mchango wa Jumuiya, wana kikao cha WAWATA, wana mgonjwa wa kumtembelea na msiba wa kuhudhuria.

Katika maongozi ya kiroho na katika semina za ndoa, swali moja hurudi mara kwa mara: mama awezeje kuwa mke, mzazi, mfanyakazi na mwamini, pasipo kumnyima mmoja haki yake ili kumlipa mwingine? Swali hili ni zito. Mara nyingi linaulizwa kwa machozi, na mara nyingi linajibiwa kwa wepesi: mama huambiwa asali zaidi, aamke mapema zaidi, avumilie zaidi. Katika makala hii tunakusanya kwa ufupi Maandiko Matakatifu, mafundisho ya Mama Kanisa, sheria zinazomlinda mama kazini na mifano ya watakatifu, ili tuone kwamba jibu halimhusu mama peke yake. Linamhusu mume, mwajiri, Jumuiya na parokia nzima.

Maandiko Matakatifu yanasema nini juu ya kazi ya mwanamke

Wapo wanaodhani kwamba mwanamke kufanya kazi ya kipato ni jambo la siku hizi, lililoletwa na miji na ofisi. Maandiko Matakatifu hayakubaliani nao. Mwanamke hodari anayesifiwa katika kitabu cha Mithali (Mit 31:10-31) huangalia shamba na kulinunua, hupanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake, husokota sufu na kitani, huwauzia wafanyabiashara nguo na mishipi, na huamka kungali usiku. Mikono hiyohiyo humnyooshea maskini. Tuangalie vema jinsi sifa hiyo inavyomalizika: msomaji anaagizwa kwamba mwanamke huyo apewe mapato ya kazi yake. Neno la Mungu linamsifu na papo hapo linadai alipwe stahili yake.

Katika Agano Jipya tunakutana na Lidia, mfanyabiashara wa vitambaa vya zambarau huko Filipi. Bwana aliufungua moyo wake, akabatizwa pamoja na watu wa nyumba yake, na nyumba yake ikawapokea mitume (Mdo 16:14-15). Tunakutana na Priska aliyeshona mahema pamoja na mumewe Akila, na ambao pamoja walimfafanulia Apolo njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Mdo 18:2-3, 26). Tunakutana na Tabitha wa Yopa, ambaye wajane walimlilia wakionyesha nguo alizowashonea (Mdo 9:36-42). Kazi za wanawake hawa hazikuwatenga na imani. Nyumba, cherehani za zama zile na biashara vilikuwa mahali ambapo Injili ilipata makazi.

Habari ya Martha na Maria (Lk 10:38-42) hutumiwa wakati mwingine kumkemea mama mwenye shughuli nyingi. Lakini Bwana hakumkemea Martha kwa sababu ya kupika. Alimgusa mahali pa kuhangaika kwake, pale moyo ulipogawanyika vipande vingi kiasi cha kumsahau Mgeni aliyekuwa akihudumiwa. Mwinjili Yohane anatukamilishia picha hiyo: Martha ndiye aliyemkiri Yesu kuwa Kristo, Mwana wa Mungu, baada ya kifo cha kaka yake (Yn 11:27), na baadaye tunamkuta tena, bado anahudumia mezani (Yn 12:2). Aliendelea na kazi ileile akiwa na moyo uliotulia.

Mama Kanisa anafundisha nini

Mafundisho jamii ya Kanisa yamelitafakari suala hili kwa kina. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Gaudium et Spes, namba 52, unaitaja familia kuwa shule ya utu. Unakazia kwamba uwepo wa baba una manufaa makubwa katika malezi, na kwamba watoto, hasa walio wadogo, wanahitaji matunzo ya mama yao nyumbani. Papo hapo unasema kwamba maendeleo halali ya mwanamke katika jamii yasipuuzwe. Mambo hayo mawili yanatajwa pamoja, wala moja halilifuti lingine.

Mwaka 1981 Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alitoa nyaraka mbili zinazotusaidia sana. Katika Laborem Exercens, yaani juu ya kazi ya binadamu, namba 19, anafundisha kwamba mshahara wa haki ni ule unaotosha kuanzisha familia na kuitunza kwa heshima. Anataka kazi ya umama iheshimiwe na jamii, na anadai kazi zipangwe kwa namna ambayo mwanamke hatalazimika kununua maendeleo yake kwa gharama ya familia yake. Katika Familiaris Consortio, namba 23, anatetea haki ya mwanamke kushika majukumu ya umma, akisisitiza vilevile kwamba kazi anayoifanya nyumbani itambuliwe thamani yake isiyo na mbadala.

Tarehe 29 Juni 1995 Papa huyohuyo aliwaandikia wanawake wote duniani barua, akijiandaa na Mkutano wa Nne wa Dunia juu ya Wanawake uliofanyika Beijing. Sisi Watanzania tuna sababu ya pekee ya kuikumbuka barua hiyo, kwani Katibu Mkuu wa mkutano ule alikuwa mama yetu Gertrude Mongella, aliyepokelewa na Baba Mtakatifu mwezi Mei mwaka ule na kukabidhiwa ujumbe wake. Katika barua hiyo Papa anawashukuru wanawake kama mama, wake, mabinti na dada, na anawashukuru pia kama wafanyakazi. Anadai malipo sawa kwa kazi sawa na ulinzi kwa mama anayefanya kazi.

Miaka 21 baadaye, katika Waraka wa Kitume Amoris Laetitia, yaani Furaha ya Upendo, Papa Fransisko alirudia kwamba utu wa mwanamke na haki zake ni jambo la kufurahiwa na Kanisa. Alikumbusha pia kwamba watoto wanahitaji uwepo wa mama na uwepo wa baba. Kukosekana kwa baba nyumbani ni jeraha analolitaja kwa uwazi uleule.

Kwa muhtasari, Kanisa halimwambii mama aiache kazi, wala halimwambii kwamba kazi ndiyo itakayompa heshima. Linafundisha kwamba heshima yake amekwisha kuipokea kwa Muumba na katika Ubatizo, na kwamba kazi, nyumba na sala ni mahali pa kuiishi.

Watakatifu waliobeba mzigo huohuo

Mtakatifu Zélie Guérin alizaliwa Ufaransa mwaka 1831. Alikuwa fundi wa lesi maarufu ya mji wa Alençon, na mwaka 1853 alianzisha biashara yake mwenyewe. Aliwagawia kazi wanawake waliofuma vipande majumbani mwao, kisha yeye akaviunganisha kwa mshono usioonekana. Mwaka 1858 alifunga ndoa na Louis Martin, fundi saa. Walijaliwa watoto tisa, na wanne kati yao walifariki wakiwa wadogo. Mtoto wa mwisho, Thérèse, aliyezaliwa tarehe 2 Januari 1873, ndiye Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu.

Barua zake, ambazo zaidi ya 200 zimehifadhiwa, hazitoi picha ya nyumba isiyo na misukosuko. Anaandika juu ya uchovu, juu ya oda zilizochelewa, juu ya watoto wagonjwa. Thérèse aliposhindwa kunyonya, Zélie alilazimika kumpeleka kijijini kwa mama mlezi, na huko mtoto akakaa zaidi ya mwaka mmoja. Katika miezi ya mwisho ya maisha yake iligundulika kwamba mtumishi wa nyumbani alikuwa akimtisha na kumtesa kwa siri binti yao Léonie. Mama huyu alipata uchungu ambao akina mama wengi wa leo wanaujua. Alimrudisha mtoto karibu naye na kuanza upya malezi yake kwa upole. Alifariki kwa saratani ya matiti tarehe 28 Agosti 1877.

Jambo moja katika nyumba hiyo linastahili kutafakariwa na akina baba. Mwaka 1870 Louis aliiacha karakana yake ya saa ili asaidie biashara ya mkewe, iliyokuwa imekua kuliko ya kwake. Hakuona kwamba amepungukiwa heshima. Na siku ya Dominika duka lao lilifungwa, ijapokuwa wateja wengi walikuja mjini siku hiyo. Tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko aliwatangaza wote wawili kuwa watakatifu katika adhimisho moja.

Mtakatifu Gianna Beretta Molla, aliyezaliwa Italia mwaka 1922, alikuwa daktari. Mwaka 1950 alifungua zahanati katika mji mdogo wa Mesero, kisha akabobea katika magonjwa ya watoto. Aliolewa na mhandisi Pietro Molla mwaka 1955, akaendelea kuwatibu wagonjwa huku akiwalea watoto watatu. Katika ujauzito wake wa nne aligundulika kuwa na uvimbe katika mji wa mimba, akaomba matibabu yatakayookoa uhai wa mtoto. Binti yake alizaliwa tarehe 21 Aprili 1962, na Gianna akafariki tarehe 28 Aprili, siku saba baadaye. Alitangazwa mtakatifu tarehe 16 Mei 2004. Tunamkumbuka kwa sadaka ile ya mwisho. Hata hivyo, sadaka hiyo ilikuwa na mizizi katika miaka ya kila siku ya zahanati, jikoni na sala.

Dominika, sala na zamu za kazi

Hapa tunagusa jambo linaloumiza dhamiri za wengi. Mama aliyepangiwa zamu siku ya Dominika hospitalini, au mwenye mtoto mchanga mgonjwa, hujiona ametenda dhambi ya mauti kwa kukosa Misa Takatifu. Tunaona ni wajibu kuyaeleza mafundisho kwa usahihi.

Kadiri ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa, kanuni ya 1247, waamini wanawajibika kushiriki Misa siku za Dominika na sikukuu za amri, na kuacha kazi zinazozuia ibada na mapumziko. Kanuni ya 1248 inafafanua kwamba wajibu huo unatimizwa pia kwa Misa ya jioni ya siku iliyotangulia. Basi, mama mwenye zamu ya Dominika aangalie kwanza kama parokia yake, au parokia jirani, ina Misa ya Jumamosi jioni au ya Dominika jioni. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2181, inafundisha kwamba sababu nzito humwondolea mwamini wajibu huo, na inataja kwa jina ugonjwa na kuwatunza watoto wachanga. Namba 2185 inatambua mahitaji ya familia na huduma kubwa kwa jamii kuwa sababu halali za kufanya kazi siku hiyo. Na kwa kanuni ya 1245, paroko anaweza, kwa sababu ya haki, kumpa mwamini mmojammoja ruhusa au kumbadilishia wajibu huo kwa tendo jingine la ibada. Ruhusa hiyo huombwa kwa mazungumzo mafupi na paroko, wala si jambo la kuonea haya.

Tuongeze mambo mawili. Mfungo wa saa moja kabla ya Komunyo Takatifu hauwabani wazee na wagonjwa, pamoja na wale wanaowahudumia (kanuni ya 919). Na katika saumu ya Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, mama mjamzito au anayenyonyesha hatakiwi kuhatarisha afya yake wala ya mtoto. Atatafuta tendo jingine la toba.

Lakini tuseme ukweli wote. Kuna tofauti kati ya muuguzi aliyeko wodini na mfanyabiashara ambaye kila Dominika hufungua duka kwa kuwa siku hiyo mauzo ni makubwa. Wa kwanza anahudumia uhai. Wa pili ajiulize, kwa utulivu na bila woga, nani ni bwana wa nyumba yake. Sheria ya Bwana juu ya mapumziko inamlinda kwanza yeye mwenyewe, maana asiyepumzika kamwe huishia kuwa mtumwa wa duka lake.

Kuhusu sala ya kila siku, mapokeo ya Kanisa yana hazina inayomfaa mtu mwenye muda mfupi. Dakika chache za kumtolea Mungu siku nzima kabla ya kushika simu au jiko. Fumbo moja la Rozari Takatifu ndani ya daladala. Malaika wa Bwana saa sita mchana, hata ukiwa umesimama nyuma ya meza ya biashara. Injili ya siku isomwe na mtoto anayejua kusoma wakati chakula cha jioni kikiiva. Kitubio kwa mpango maalumu, mara moja kwa mwezi inapowezekana. Nyumba yenye sala fupi isiyokatika huwafundisha watoto zaidi ya nyumba yenye novena ndefu inayosaliwa kwa ugomvi.

Mume na mke: mzigo wa wawili

Kanuni ya 1135 inasema kwamba mume na mke wana wajibu na haki sawa katika yale yanayohusu ushirika wa maisha ya ndoa. Kanuni ya 1136 inawapa wazazi wote wawili jukumu zito la kuwalea watoto kimwili, kijamii, kiutamaduni, kimaadili na kidini. Sheria haikuandika kwamba malezi ni ya mama na baba ni msaidizi.

Hata hivyo, katika nyumba zetu nyingi mama na baba hurudi kutoka kazini saa moja usiku, naye baba akaketi kusubiri chakula wakati zamu ya pili ya mama ndiyo kwanza inaanza. Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia, namba 286, anafundisha kwamba mwanamume anayeshika baadhi ya kazi za nyumbani au za kuwalea watoto hapungukiwi uanaume. Tunawaalika akina baba, hasa viongozi wa Jumuiya na makatekista, walitafakari fundisho hili na waanze wao. Kuchota maji, kuwaogesha watoto, kusimamia masomo ya jioni na kuongoza sala ya familia ni kazi za baba Mkristo. Mtakatifu Yosefu hakutuachia neno hata moja katika Injili. Alituachia matendo: aliamka usiku, akamchukua mtoto na mama yake, akawapeleka mahali pa usalama (Mt 2:14).

Fedha nazo zizungumzwe. Zipo nyumba ambazo mke haujui mshahara wa mume, na nyingine ambazo mume aliacha kabisa kuchangia tangu siku mke alipopata kipato. Zipo pia nyumba ambazo mama ameingia, bila mwenzake kujua, katika mikopo ambayo mitaani huitwa kausha damu, na vyombo vya nyumbani vikachukuliwa mbele ya watoto. Siri ya namna hii hula ndoa kwa ndani. Tunashauri wanandoa waketi mara moja kwa mwezi, waanze kwa sala, waweke mezani mapato na madeni yote, na waamue kwa pamoja.

Wapo pia akina mama wanaobeba mzigo huu peke yao: wajane, waliotelekezwa, na waliojifungua nje ya ndoa. Hao wasihesabiwe kuwa wamekosa familia. Nyumba yao ni Kanisa la nyumbani, na Jumuiya inawajibika kwao kabla ya wengine wote.

Haki za mama mahali pa kazi

Unyenyekevu wa Kikristo haumkatazi mama kuijua sheria. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo isiyopungua siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Anatakiwa kumpa mwajiri taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Kumwachisha mwanamke kazi kwa sababu ya ujauzito ni kinyume cha sheria. Baba naye ana likizo ya angalau siku 3 mtoto azaliwapo. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mama na wiki mbili kwa baba.

Lipo pia jaribu linalozungumzwa kwa minong'ono: mkubwa wa kazi anayedai mwili wa mwanamke ili ampe ajira, cheo au uhamisho. Hiyo ni dhambi nzito, na ni jinai kadiri ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mama au binti aliyefikwa na dai hilo asibebe aibu isiyo yake. Amweleze mtu anayemwamini, atunze ushahidi na atoe taarifa kwa vyombo vinavyohusika. Jumuiya isimuulize alivaa nini. Isimame naye.

Tukiwa wakweli, taasisi zetu wenyewe, shule, hospitali na ofisi za Kanisa, zinapaswa kuwa za kwanza kuzitii sheria hizi. Tutahubirije utakatifu wa uhai altareni, halafu mama anayenyonyesha akose hata chumba cha faragha katika taasisi yetu?

Dada wa kazi naye ni mwanamke Mkristo

Mama wengi wanaweza kwenda kazini kwa sababu kuna binti mwingine nyumbani anayeshika mtoto, anayefua na kupika. Uwiano wa mama mmoja haufai kujengwa juu ya mgongo wa mwingine. Tukirudi katika kitabu cha Mithali, mwanamke hodari anasifiwa pia kwa kuwagawia wajakazi wake chakula (Mit 31:15). Hakuwasahau.

Basi tujiulize. Dada wa kazi analipwa kwa wakati, na kiasi kisichopungua kima kilichowekwa? Analala wapi, na saa ngapi? Sheria ya kazi inampa kila mwajiriwa saa 24 za mapumziko kila wiki. Je, yeye anazipata? Anapata nafasi ya kwenda Misa, kusali Jumuiya, kumalizia mafundisho ya Kipaimara? Ikiwa ni wa dini nyingine, anaheshimiwa ibada yake? Watoto wetu wanamwita dada kwa heshima, au wanamwamrisha kama walivyotuona tukifanya? Mama anayemtendea haki binti huyu analinda pia watoto wake mwenyewe, kwa kuwa aliyeheshimiwa hujifunza kuheshimu.

Wajibu wa Jumuiya, WAWATA na parokia

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ni zawadi kubwa kwa Kanisa la Afrika Mashariki. Katika hizo waamini husali pamoja, huzikana na huinuana. Lakini daftari la mahudhurio linaweza kugeuka fimbo. Tunasikia malalamiko ya akina mama wanaonyimwa barua ya kubatizia mtoto kwa sababu hawakuonekana Jumamosi alfajiri, na kumbe saa hiyo walikuwa wodini, kiwandani au sokoni. Kiongozi wa Jumuiya, kabla ya kuandika kwamba mama fulani hashiriki, ampitie nyumbani amuulize hali. Huenda atakuta mgonjwa aliyehitaji kutembelewa.

Yapo mambo yanayowezekana bila gharama kubwa. Jumuiya inaweza kupanga siku mbili za sala kwa zamu, moja alfajiri na moja jioni. WAWATA, chama kilichowaunganisha wanawake Wakatoliki wa Tanzania tangu mwaka 1972, kinaweza kupanga vikao visivyogongana na saa za kazi, na kuwafundisha wanachama utunzaji wa fedha, haki zao na hatari za mikopo. Umoja wa wanaume parokiani unaweza kuchukua zamu za usafi na mapishi ya sherehe, badala ya kazi hizo kuwaangukia akina mama walewale kila mara. Mabibi wenye afya wanaweza kuombwa kuwaangalia watoto wakati wa semina, wakifuata mfano wa Loisi, bibi yake Timotheo, ambaye imani yake ilipita kwa binti yake Eunike hadi kwa mjukuu (2Tim 1:5).

Maswali ya kuitafiti dhamiri

Tunapendekeza maswali haya yatumike na wanandoa nyumbani, au katika sala ya Jumuiya.

Mama ajiulize: Ni kazi gani ninayoifanya kwa upendo, na ipi kwa sababu tu ya kuogopa kusemwa? Watoto wangu wanaujua uso wangu uliotulia, au wanaujua uso wa haraka peke yake? Ni lini mara ya mwisho nilipoomba msaada?

Baba ajiulize: Mke wangu akiugua wiki moja, nyumba itasimama? Watoto wamewahi kuniona nimepiga magoti?

Mwajiri ajiulize: Mfanyakazi wangu anaogopa kunieleza kwamba ni mjamzito? Kwa nini?

Jumuiya ijiulize: Mama gani jirani yetu hatujamwona kwa mwezi mmoja, na nani kati yetu atamtembelea wiki hii?

Hitimisho

Wapendwa waamini, Bikira Maria alipokea ujumbe wa Malaika, kisha akaenda kwa haraka milimani kumsaidia Elizabeti kwa muda wa miezi kama mitatu (Lk 1:39-56). Mama aliyejaa neema alikwenda kumhudumia mama mwenzake mjamzito, na utenzi wake wa sifa ulisikika nyumbani mwa mtu, siku ya kawaida. Huko ndiko tunakowaombea akina mama wetu wauonje uwepo wa Mungu: njiani, jikoni, ofisini, wodini na shambani. Na tunaiombea familia nzima ya Mungu neema ya kwenda kwa haraka kuwasaidia.

Kwa maombezi ya Watakatifu Zélie na Gianna, na chini ya ulinzi wa Mtakatifu Yosefu, Mungu azibariki nyumba zenu na kazi za mikono yenu.